Kuweka programu bila kumaliza mega

Uvira, mtu ananunua mega asubuhi, zinaisha mbele programu moja haijamaliza kushuka. Kwenye kompyuta za Ubuntu ao Debian kuna sababu moja: programu haiji peke yake, inakuja na zingine za kuisaidia. Kuna zile za lazima, bila hizo haitumiki. Kuna pia zinazopendekezwa tu, lakini mashini inazileta yenyewe.

Kwa kuzizuia, mtu aandike:

sudo apt install --no-install-recommends libreoffice-writer

Hiyo inatosha kwa kuandika barua. Akiandika libreoffice tu, kundi zima linashuka. Mbele ya kukubali, asome kwanza mega zinazoombwa; zikizidi, ajibu N. Kitu kikikosekana, atakiongeza kisha.