Kidole cha Muuguzi na Dawa ya Digoksini

Kabla ya kumpa mgonjwa wa moyo kidonge cha digoksini, muuguzi hapana budi ahesabu mapigo ya moyo wake kwa muda wa dakika moja kamili. Katika wadi yenye wagonjwa wengi na wauguzi wachache, kazi hiyo ni rahisi kuachwa. Hata hivyo, ni dawa chache katika kabati la wadi ambazo kiasi kinachotibu kimekaribiana hivi na kiasi kinachoua.

Asili ya dawa hii ni mimea ya Ulaya iitwayo Digitalis, ambayo maua yake yana umbo la kofia ya kidoleni ya mshonaji. Jina lenyewe latokana na neno la Kilatini lenye maana ya kidole. Mwaka 1785 daktari Mwingereza William Withering alichapisha kitabu juu ya mmea huo. Kama alivyoeleza mwenyewe, habari zake zilitoka kwa bibi mmoja wa Shropshire, aliyetibu uvimbe wa mwili kwa mchanganyiko wa majani ishirini au zaidi, na Withering akatambua kwamba lililofanya kazi lilikuwa moja tu. (Wenye haraka ya kuwadharau waganga wa mitishamba yafaa walikumbuke jambo hilo.) Alieleza pia madhara ya dawa ikizidi: kutapika, kuona vitu kuwa na rangi ya kijani au manjano, na mapigo kushuka hata kufikia 35 kwa dakika. Digoksini yenyewe ilitengwa kutoka katika majani ya mmea wa jamii hiyo mwaka 1930.

Katika ukuta wa kila seli ya moyo mna pampu ndogo zitoazo sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani. Digoksini huzizuia pampu hizo. Sodiamu ikiongezeka ndani ya seli, kalsiamu nayo huongezeka, na kalsiamu ndiyo iufanyayo msuli ujikaze. Basi moyo uliochoka husukuma damu kwa nguvu zaidi. Aidha, dawa hupunguza wingi wa amri za umeme zipitazo kutoka vyumba vya juu vya moyo kwenda vya chini. Faida hii ya pili huwafaa wagonjwa wenye mapigo yaendayo mbio bila mpango, wakiwamo wengi wa Afrika ya Mashariki ambao valvu zao za moyo ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi walipokuwa watoto. Kwa hao kushika mkono hakutoshi, maana baadhi ya mapigo ni dhaifu mno hata hayafiki kwenye kifundo. Muuguzi husikiliza moyo wenyewe kifuani.

Potasiamu hugombea na digoksini nafasi ile ile kwenye pampu. Ikipungua mwilini, digoksini hupata nafasi kubwa zaidi, na kidonge kilichokuwa salama wiki iliyopita hugeuka sumu ingawa kipimo chake hakikubadilishwa. Nayo furosemidi, dawa ya kupunguza maji mwilini ambayo mgonjwa huyo huyo aghalabu hupewa, huitoa potasiamu kwa njia ya mkojo. Kuhara na kutapika huongeza hasara hiyo. Figo dhaifu, kama za wazee wengi, huchelewa kuitoa digoksini, na kwinini apewayo mgonjwa wa malaria huweza kuongeza kiasi chake katika damu. Muuguzi anayesoma kadi nzima ya dawa, si mstari mmoja tu, ndiye awezaye kuyaona hayo mapema.

Hospitali nyingi za wilaya hazina kipimo cha digoksini katika damu, kwa hiyo hutegemewa macho na masikio. Dalili za kwanza mara nyingi hazihusu moyo: mgonjwa hukataa chakula, huona kichefuchefu, huchanganyikiwa. Ni rahisi kudhani kwamba amechoshwa na uji wa hospitali. Dalili ya hila zaidi ni mapigo yaliyokuwa ovyo kuwa ghafla ya taratibu na ya polepole. Asiyejua hufurahi, akidhani mgonjwa amepona, kumbe huenda dawa imekwisha kuzidi.

Kwa kawaida, mapigo ya mtu mzima yakiwa chini ya 60, kidonge huzuiwa na daktari huarifiwa. Kwa watoto wachanga mpaka huwekwa juu zaidi. Vidonge navyo hutazamwa vizuri, kwa kuwa viko vya mikrogramu 62.5 na vya mikrogramu 250, yaani kimoja ni mara nne ya kingine.

Uchunguzi uliotangazwa mwaka 1997, juu ya wagonjwa 6,800 wa moyo kushindwa kazi, ulionyesha kwamba digoksini ilipunguza kulazwa hospitali lakini haikupunguza vifo. Tangu hapo madaktari wamependelea vipimo vidogo. Mgonjwa arudipo nyumbani huelezwa kwamba akisahau kidonge cha jana asimeze viwili leo, kwa sababu hata figo zikiwa nzima, nusu ya dawa hubaki mwilini kwa muda wa siku moja na nusu hadi mbili. Na jamaa anayemtunza hufundishwa kuhesabu mapigo kabla hawajaondoka wadini.