Fatwa Zilizofukiwa Ndani ya Mikebe

Sisi watu wa pwani twaijua vyema desturi ya masuala. Mtu hutatizwa na jambo la mirathi, la ndoa au la saumu, akashika njia mpaka kwa shehe wake, akauliza. Shehe akafungua vitabu, akapima kauli za wanavyuoni waliotangulia, akajibu. Muulizaji akashukuru, akarudi kwake, akala, akalala. Ni jambo la kila siku, na kwa kuwa ni la kila siku aghalabu hatuuzingatii uzito wake.

Leo, mpenzi msomaji, nataka tuzingatie masuala ya namna nyingine. Waulizaji wake hawakuwa na uhakika wa kuiona kesho, na mwenye kujibu alikuwa mahabusi kama wao. Majibu aliyaandika kwa ufupi juu ya vipande vya karatasi vilivyochanwa kwenye mifuko ya simiti, akavitia ndani ya mikebe, akavifukia ardhini. Jina lake ni Ephraim Oshry, rabi, yaani mwanachuoni wa sheria ya Kiyahudi. Mji wenyewe ni Kovno, ambao Walithuania huuita Kaunas.

Yafaa kwanza tukumbushane habari za zama zile. Wanazi walishika utawala wa Ujerumani mwaka 1933, na mwaka huo huo wakafungua kambi ya Dachau. Vita vilipoanza mwaka 1939 kambi zikaenea katika nchi walizoziteka. Hadi vita vilipokwisha mwaka 1945 Mayahudi wapatao milioni 6 walikuwa wameuawa, wengine kwa risasi kando ya mashimo, wengine kwa njaa na maradhi, wengine kwa hewa ya sumu. Katika kambi ya Auschwitz peke yake, nchini Poland, waliuawa watu kiasi cha milioni 1 na laki 1, na wengi wao sana walikuwa Mayahudi.

Kovno ilivamiwa mwezi wa Juni 1941. Ilipofika katikati ya Agosti, Mayahudi karibu 30,000 walikuwa wamefungiwa katika mtaa mmoja wa nyumba za mbao uliozungushiwa seng'enge. Miaka miwili baadaye mtaa huo ulitiwa chini ya askari wa SS, ukageuzwa kambi ya mateso kamili.

Suala zito kuliko yote liliulizwa mapema, mwezi wa Oktoba 1941. Wajerumani walitoa amri kwamba tarehe 28 watu wote, wazee kwa watoto, wakusanyike alfajiri uwanjani. Wazee wa baraza la Kiyahudi, wakiongozwa na daktari Elchanan Elkes, walihisi kwamba watakaokusanyika watachaguliwa, na baadhi yao watakwenda kuuawa. Je, ilikuwa halali kwao kuitangaza amri hiyo kwa mikono yao? Wakitangaza, watakuwa wamewapeleka watu machinjoni. Wasipotangaza, huenda wakauawa wote.

Wakaenda kwa Avraham Dov-Ber Kahana Shapiro, rabi mkuu wa Kovno, mzee aliyekuwa mgonjwa. Aliposikia suala lenyewe alitetemeka, akaomba muda, akakesha na vitabu vyake. Mwishowe akatoa jibu: ikiwa jamii nzima imehukumiwa kifo, na iko njia ya kuokoa sehemu yake, viongozi wajipe moyo, wabebe dhamana, waokoe wanaoweza kuokoka. Amri ikatangazwa. Siku ya pili yake, tarehe 29, watu 9,200 walipigwa risasi katika ngome iitwayo Ngome ya Tisa, na zaidi ya 4,000 kati yao walikuwa watoto. Tarakimu hizi hazikuandikwa na Mayahudi. Ziliandikwa na wauaji wenyewe katika ripoti waliyompelekea mkubwa wao.

Mimi kila nikisoma habari hii husita. Sijui ni nani kati yetu angependa kuketi pale alipoketi mzee yule usiku ule. Lakini naona jambo moja: wale wazee wa baraza walikuwa wameonewa kiasi cha kutosha mtu kusema, "Sheria gani tena? Kila mtu ajiokoe." Hawakusema hivyo. Walikwenda kuuliza lipi ni halali.

Rabi Shapiro alifariki mwaka 1943. Oshry alikuwa kijana, hajatimiza miaka 30. Wajerumani walikuwa wamevikusanya vitabu vya Kiyahudi ghalani, wakitaka kuvionyesha siku za usoni kama mabaki ya watu waliokwisha duniani, nao wakamweka Oshry kuvilinda. Hivyo ndivyo alivyopata vitabu vya kurejea. Waliomfungia ndio waliompa maktaba!

Basi masuala yakamjia. Wafanyakazi waliokuwa wakipelekwa kila siku kujenga uwanja wa ndege walipewa supu iliyotiwa nyama ambayo kwao ni haramu. Je, wainywe? Akajibu wainywe, maana asiyekunywa atakufa, na kuihifadhi roho kumetangulia. Msomaji Mwislamu hatastaajabu, kwani aya ya 173 ya Suratul Baqara inampa ruhusa mtu aliyeshikwa na dharura. Mayahudi nao wana kanuni hiyo hiyo tangu zamani.

Mwingine aliuliza kama yafaa kununua cheti cha ubatizo ili ajifanye Mkristo, apate kutoroka. Hapo Oshry alikataa. Tumbo, alisema, lina dharura, lakini mtu hawezi kuutoa uyahudi wake hata kwa karatasi tu. Hapa naona sheria yao na yetu zaachana njia kidogo, kwani sote twakijua kisa cha Ammar bin Yasir, aliyelazimishwa na makafiri wa Makka kutamka neno la kufuru hali moyo wake umetua juu ya imani, akasamehewa. Simtaji Oshry ili tumfuate katika fatwa zake. Namtaja tuone kwamba ndani ya seng'enge ile watu walikuwa bado wanapima, wanatofautisha jambo na jambo.

Lakini suala lililonigusa zaidi halikuhusu chakula wala karatasi. Katika sala yao ya asubuhi Mayahudi humshukuru Mungu kwa kuwa hakuwaumba watumwa. Siku moja mwenye kuongoza sala alifika hapo, akashindwa. Akauliza: vipi nitamke shukrani ya muungwana, na mimi hapa natumikishwa kwa mijeledi, na tumbo ni tupu? Si uongo huu mbele ya Mungu? Oshry akajibu kwamba shukrani hiyo isiachwe abadan, na hasa wakati ule. Adui alitaka wajione watumwa. Kuitamka ndiko kukiri kwamba, ijapokuwa miili imetekwa, wao mbele ya Mola wao ni waungwana.

Kovno haikuwa peke yake. Katika kambi ya Bergen-Belsen, Ujerumani, ilifika Pasaka ya Kiyahudi ya mwaka 1944, yaani sikukuu ya kukumbuka jinsi Nabii Musa alivyowatoa Bani Israili chini ya Firauni. Siku hizo Mayahudi hawali mkate uliotiwa hamira. Na kambini riziki ilikuwa ni mkate huo huo, tena kidogo. Marabi waliofungwa humo, akiwamo Aaron Davids wa Rotterdam, waliwaambia watu wale, kisha wakawatungia dua ya kusoma kabla ya kula. Humo walimwambia Mungu kwamba nia yao ilikuwa kuitimiza amri yake, bali wamezuiwa na utumwa. Na kwamba wanaula mkate ule kwa kuitii amri nyingine yake, ile ya kuishi. Davids mwenyewe hakutoka. Alifia humo humo kabla Waingereza hawajaifungua kambi hiyo tarehe 15 Aprili 1945.

Ikiwa nitaishia hapo, msomaji, nitakuwa sijakupa haki yako. Wako waliotoka makambini bila imani, nao si haki kuwaficha. Primo Levi, mwanakemia wa Kitaliano, aliingia Auschwitz mwezi wa Februari 1944 bila ya kuamini, na akatoka bila ya kuamini. Ameeleza jinsi alivyomsikia mzee mmoja akimshukuru Mungu kwa sauti baada ya uchaguzi wa watakaouawa, kwa kuwa yeye kapona, hali kitanda cha pili amelala kijana aliyejua kwamba atakufa. Levi alikasirika mno. Elie Wiesel naye, aliyeingia akiwa na miaka 15 na aliyekulia katika dini, ameandika kwamba ilipofika siku yao kuu ya kufunga hakufunga, na kule kutofunga kulikuwa ni kumteta Mola wake. Sisi tulioshiba tusiwe wepesi wa kuwahukumu. Ayubu mwenyewe alijaribiwa kwa mengi, na haya yalizidi yanayosimulika.

Liko neno moja la makambi hayo ambalo naona vigumu kulipita. Katika Auschwitz, mfungwa aliyekwisha kukata tamaa, aliyekonda akabaki ngozi na mifupa, macho hayaoni, hajali tena apigwe au aachwe, wenzake walimwita "Muselmann". Maana yake kwa Kijerumani cha zamani ni Mwislamu. Levi alikiri kwamba hakujua kwa nini. Wengine husema ni kwa sababu aliinama na kuyumba kama mtu anayesali. Wengine, kwa sababu Wazungu walidhani Mwislamu ni mtu wa kuikunjia mikono kadari.

Neno hilo lauma, nami sitaki kulipamba. Ila nasema lilizaliwa na ujinga wa siku nyingi wa Ulaya, si na chuki ya wale wanyonge walioliokota. Kukata tamaa na rehema ya Mungu si Uislamu; Nabii Yaakub aliwakanya wanawe wasikate tamaa hata baada ya kumpoteza Yusuf. Na vita hivyo hivyo viliwaonyesha Waislamu ni nani. Katika Albania, nchi ambayo wakazi wake wengi ni Waislamu, Mayahudi walifichwa majumbani kwa heshima ya mgeni, hata vita vikamalizika wakiwa wengi kuliko walivyokuwa mwanzo. Katika kisiwa cha Rhodes, mwaka 1944, balozi mdogo wa Uturuki, Selahattin Ülkümen, alisimama mbele ya Wajerumani akawatoa mikononi mwao Mayahudi wapatao 50.

Najua pia kwamba wako watakaosoma haya wakaniuliza, "Na Palestina je?" Suala lao ni la haki, na machozi ya Wapalestina ni machozi. Lakini dhulma moja haiifuti nyingine, wala haipunguzi hesabu ya wafu wake. Aya ya 32 ya Suratul Maida, inayotufunza ukubwa wa kuiua nafsi moja kwa dhulma, imetaja Bani Israili kwa jina. Mwenye kuisoma hawezi kuchagua ni maiti gani wa kuhesabiwa.

Turudi kwa Oshry. Mwezi wa Julai 1944 Wajerumani waliwahamisha watu wa Kovno waliobaki, wakawapeleka Dachau na Stutthof, kisha wakautia moto mtaa, hata nyumba zikabaki dohani tu. Oshry alijificha chini ya ardhi. Jeshi la Kisovieti lilipoingia mwanzo wa Agosti, alitoka, akachimba, akaitoa mikebe yake. Baadaye alikwenda kuishi New York, akayaeleza masuala yale kwa urefu na kuyatoa vitabuni, juzuu baada ya juzuu. Alifariki mwaka 2003.

Masuala hayakukoma na vita. Mwanamke mmoja aliyenusurika alimjia akaonyesha mkono. Katika Auschwitz wafungwa walichanjwa nambari kwa wino, na kila aitazamapo humkumbusha yaliyompata. Je, yafaa amwendee daktari aiondoe? Oshry alimjibu asiiondoe. Wauaji waliitia iwe alama ya aibu. Sasa aibu ni yao. Nambari hiyo ni heshima na ni shahidi, na wao ndio waliotaka shahidi asibaki.

Wahenga walisema mti hauendi ila kwa nyenzo. Watu wale hawakuwa na bunduki, wala jeshi, wala mtetezi. Nyenzo waliyobaki nayo ni kuuliza: hili ni halali au haramu? Na maadamu mtu angali anauliza hivyo, basi aliyemfunga hajamaliza kumteka.