Suti Iliyobana Haijakukaa

Msimu wa harusi ukikaribia, mafundi wa suti wa Kariakoo na wa River Road huonyeshwa picha ile ile kwenye simu za wateja: Daniel Craig ndani ya suti ya kijivu, katika filamu ya Skyfall ya mwaka 2012. Ombi nalo halibadiliki: nibanie iwe kama ya James Bond. Wengine huja na suti ambayo tayari imewakaa vizuri, wakitaka ipunguzwe kiunoni, ipunguzwe mapajani, ipunguzwe mikono, mpaka fundi anaishiwa kitambaa cha kupunguza. Ombi hili limekosewa tangu mwanzo, na mkasi hauwezi kulisahihisha. Kumtazama mhusika wa filamu na kutaka kuvaa kama yeye si jambo la kuchekwa. Watu wamejifunza kuvaa kwa kutazamana tangu zamani, na Bond ni mwalimu mzuri kuliko wengi. Tatizo ni kwamba somo la mavazi yake bora ni kinyume kabisa cha hilo wanaloondoka nalo.

La chapa tulimalize haraka, kwa kuwa nalo huulizwa sana. Hakuna suti moja ya Bond. Sean Connery alishonewa na Anthony Sinclair wa London. George Lazenby, mwaka 1969, alishonewa na Dimi Major. Roger Moore alianza na Cyril Castle, akaenda kwa Angelo Vitucci wa Roma, akamalizia kwa Douglas Hayward. Pierce Brosnan alivaa Brioni ya Italia kuanzia GoldenEye ya 1995. Craig akaikuta Brioni hiyo kwenye Casino Royale ya 2006, kisha akahamia Tom Ford kuanzia 2008. Mhusika ni mmoja, mafundi ni wengi. Anayedhani siri iko kwenye kitambulisho kilichoshonwa ndani ya mfuko atuambie ni kipi kati ya hivyo, maana vyote haviwezi kuwa siri moja.

Turudi mwaka 1962, filamu ya kwanza, Dr. No. Connery alikuwa mtoto wa Edinburgh aliyewahi kugawa maziwa na kufanya mazoezi ya kutunisha misuli. Kifua kilikuwa kipana, kiuno chembamba, na mazoea ya suti ghali hakuwa nayo. Mwongozaji Terence Young, ambaye yeye mwenyewe alikuwa mtanashati, alimpeleka kwa fundi wake, huyo Sinclair, na kwa washona mashati wa Turnbull & Asser. Inasimuliwa kwamba alimwamuru alale na suti hiyo ili aizoee mwilini. Iwe kweli au chumvi ya watu wa filamu, tazama kilichotoka hapo. Mabega ya koti hayakujazwa pedi nzito. Kifuani palikuwa na nafasi, kitambaa kikishuka taratibu bila kunyooshwa na msuli. Kiuno kiliingia ndani kidogo tu. Suruali ilipanda juu mpaka kiunoni hasa, ikiwa na mikunjo miwili mbele ili paja lipate nafasi mtu anapokaa, na haikuwa na mkanda. Rangi zilikuwa kijivu na bluu iliyokolea, tai nyeusi au ya bluu isiyo na mapambo. Mtu mwenye mwili ambao ungeweza kuonyeshwa alivishwa nguo isiyouonyesha, na matokeo yake ni kwamba baada ya zaidi ya nusu karne suti zile bado zinatazamika. Za Moore za miaka ya 1970, zenye kola pana na suruali za bugaluu, zilifuata mtindo wa wakati wake, na zikazeeka pamoja nao.

Sasa Skyfall. Mbunifu wa mavazi Jany Temime alitaka nguo zishike mwili, na zilishika kweli. Simamisha picha mahali Craig amesimama na kifungo kimefungwa. Utaona mistari inayokutana kwenye kifungo na kufanya herufi ya X; hicho ni kitambaa kinachovutwa kutoka pande zote kwa sababu hakitoshi. Utaona kola inayoshuka kifuani ikijikunja na kubinuka nje badala ya kulala. Koti ni fupi kiasi cha kutofunika makalio vizuri, na suruali imekaa chini, hivyo mtu akiinua mkono pembetatu nyeupe ya shati huchungulia chini ya kifungo. Haya si maoni yangu ya ladha. Ni dalili ambazo mwanafunzi wa ushonaji hufundishwa kuzitafuta ili azirekebishe, na hapa watu wanamlipa fundi azitengeneze.

Imani yenyewe inasema hivi: kadiri nguo inavyokaribia ngozi ndivyo ilivyokukaa. Ni uongo, na unaweza kuupima nyumbani. Suti hukaa au hukataa katika sehemu tatu ambazo mteja wa kubaniwa hazitaji kamwe: bega, shingo ya nyuma na kwapa. Bega la koti linapaswa kuishia pale bega lako linapoishia. Kola inapaswa kulala kwenye ukosi wa shati bila kuacha mwanya. Kwapa ndilo fumbo linalowashinda wengi. Koti lenye kwapa lililopanda juu, karibu na mwili, huonekana limebana, lakini ndilo linalokuruhusu kuinua mkono bila koti zima kupanda. Koti lenye kwapa lililoshuka huonekana huru, kumbe kila unapoinua mkono linabebwa lote kama gunia. Kwa hiyo mahali pekee panapostahili kuwa karibu na mwili ni pale ambapo mteja hatazami, na mahali anapotaka pabanwe, yaani kiuno, paja na mgongo, ndipo mwili unapotanuka unapopumua, unapokaa na unapokula pilau ya watu. Ubaya zaidi ni kwamba kiuno kinapunguzika kirahisi, ndiyo maana fundi anakubali. Bega na kwapa vikiwa vibaya hakuna sentimita za kiuno zitakazoviponya. Unaishia na koti baya lililobana.

Watanijibu: mbona Craig anapendeza? Anapendeza, sikatai. Lakini anapendeza mbele ya kamera, kwa sekunde chache, kutoka upande uliochaguliwa, huku pembeni akisimama mtu ambaye kazi yake ni kunyoosha koti kabla ya kila mkupuo. Kwa filamu za mapigano suti moja hushonwa nakala nyingi: za kusimama, za kukimbia, za wanaoigiza hatari badala ya nyota. Ikichanika au ikilowa, ya pili ipo. Wewe unayo moja, umekaa nayo kwenye daladala au matatu, kisha ukumbini saa tano, na mshono wa nyuma ya suruali hauna mbadala. Filamu hizi hutudanganya hata kwa mapenzi: katika Casino Royale, Vesper Lynd anamletea Bond koti la jioni lililoshonwa kwa kumkadiria kwa macho tu, naye akilivaa linamkaa bila kasoro. Ni tukio zuri sana, na fundi yeyote akilitazama hucheka. Koti la kushonwa kwa mtu hujaribishwa mara mbili au tatu hata kwa mteja wa miaka mingi.

Wapo pia wanaosema suti isiyobana ni ya wazee. Hawa wanachanganya nafasi na kupwaya. Nguo inayopwaya ina kitambaa mahali mwili haupo. Nguo yenye nafasi inaufuata mwili ikauacha utembee. Kupwaya kwa suti za miaka ya 1990, zenye mabega ya kuazima, kulistahili kukataliwa, lakini kukimbia kosa moja si sababu ya kuangukia lingine. Na kwa msomaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Muscat kuna hoja isiyohitaji hata filamu. Kwenye joto lenye unyevu, kinachokupoza ni hewa inayopita kati ya ngozi na kitambaa. Watu wa pwani wanalijua hilo, ndiyo maana kanzu haigusi mwili kuanzia kifuani kwenda chini. Suti ya polista iliyobana, yenye bitana nzima ya polista, inafunga hewa hiyo kabisa, na hakuna marashi yatakayoficha matokeo.

Hoja ninayoiheshimu ni moja: kwamba Bond mwenyewe ni wa London, na kumfuata popote pengine ni kuigiza. Hapo napo jibu liko kwa Young na Sinclair. Suti ya bluu isiyo na mbwembwe, kwenye mitaa ya London ya 1962, ilikuwa nguo ya mtu asiyetaka kukumbukwa; ilimfaa jasusi kwa sababu ofisi nzima ilivaa vile. Ian Fleming kwenye riwaya zake alimfanya Bond amtilie shaka mwanamume yeyote anayefunga tai kwa fundo nene la Windsor, kwa kuliona ni la kujionyesha. Basi la kuiga ni kipimo hicho cha utulivu, na kila mji una nguo yake inayokitimiza. Moore alichekwa sana kwa makoti yake ya safari, lakini koti la aina hiyo hiyo, tunaloliita Kaunda suti, limevaliwa kwenye ofisi za Afrika Mashariki kwa miongo mingi bila kumshangaza mtu, mpaka Spika wa Bunge la Kenya alipoamua kulipiga marufuku bungeni mwaka 2023. Nadhani alikosea, ila hilo ni la siku nyingine.

Kwa aliyebaki na muda wa kuchagua: ukiwa na fedha, shona, taka kujaribishwa angalau mara mbili, na kwenye jaribio la pili kaa, inua mikono, funga kamba za viatu. Ukiwa huna, nenda mitumbani ukanunue bega: likikukaa na kola ikilala, kiuno na urefu wa mikono fundi wa kawaida atavimaliza. Sufu nyepesi, gramu 220 hadi 260 kwa mita, ni bora kuliko polista ya bei yoyote. Kitani kinafaa kama hutaudhika na mikunjo. Omba bitana nusu. Bluu iliyokolea kwanza, kijivu pili, nyeusi iache kwa misiba na jioni rasmi. Koti lifunike makalio. Shati lichungulie sentimita moja hivi mkononi. Mwambie fundi aache akiba ya kitambaa ndani ya mishono, maana harusi nazo hunenepesha. Suruali ipunguzwe mwisho, baada ya koti kukamilika, ukiwa umevaa viatu vile vile utakavyovivaa siku hiyo.