Ramani ya Chumba Kigeni

Panya akiingizwa katika chumba asichokijua, kwanza hufuata ukuta. Hunusa pembe, husita, hurudi nyuma, kisha huthubutu kukatiza katikati. Anayemtazama huona mnyama anazurura tu. Kumbe ndani ya kichwa chake kazi kubwa imekwisha anza, na kwa zaidi ya miaka 50 sasa wanasayansi wamekuwa wakiisikiliza kwa kutumia nyaya nyembamba kuliko unywele.

Mwaka 1971 John O'Keefe na Jonathan Dostrovsky, wa University College London, waliripoti kuhusu seli za ajabu katika hipokampasi, sehemu ndogo iliyopinda ndani kabisa ya ubongo, moja kila upande. Seli moja ilitoa mapigo ya umeme pale tu panya alipofika sehemu fulani. Akisogea, hiyo hunyamaza na nyingine huamka. Leo zinaitwa seli za mahali, na mwaka 2014 zilimpatia O'Keefe Tuzo ya Nobel, aliyogawana na May-Britt Moser na Edvard Moser wa Norway.

Mimi navutiwa zaidi na kinachotokea ugenini. Panya akihamishiwa chumba kingine, seli hizo hujipanga upya. Iliyokuwa ikilia karibu na mlango huenda ikahamia pembe ya mbali, au isilie kabisa. Ni kama herufi zilezile zinavyoandika neno jingine. Mwaka 2014 watafiti wa Trondheim, Norway, waliwapitisha panya katika vyumba 11 na kukuta kwamba kila chumba kilipata ramani yake, isiyochanganyikana na ya chumba kingine.

Tena ramani hiyo huchorwa upesi. Mwaka 1993, huko Arizona, Marekani, Matthew Wilson na Bruce McNaughton waliwazoeza panya nusu moja ya sanduku, kisha wakaondoa kizuizi ili waingie nusu ya pili. Walikuwa wakirekodi seli kati ya 73 na 148 kwa wakati mmoja. Mwanzoni mapigo katika nusu mpya yalikuwa ya kubabaisha. Baada ya dakika kama 10 yalikuwa yametulia kiasi kwamba watafiti waliweza kuyasoma na kujua panya amesimama wapi. Katika dakika hizo za mwanzo, seli ambazo kazi yake ni kuzizuia nyingine zilipunguza nguvu, jambo ambalo huenda ndilo lililofungua nafasi ya kujifunza.

Lakini kuchora ni jambo moja, kutunza ni jingine. Mwaka 1998 Clifford Kentros na wenzake waliwapa panya dawa inayofunga milango fulani ya kemikali kwenye seli za neva, ile ambayo seli huitegemea ili kuimarisha miunganiko yake. Ramani za zamani hazikudhurika. Ramani ya chumba kipya nayo ilichorwa vizuri, ikadumu kwa muda. Kesho yake panya waliporudishwa, ramani ilikuwa imetoweka, na ubongo ukaanza upya. Usingizi nao una sehemu yake katika utunzaji huu. Seli zilizolia pamoja mchana hulia tena pamoja panya akilala, na watafiti wa Ufaransa walipoyakatiza mawimbi mafupi ya hipokampasi yanayoambatana na marudio hayo, mwaka 2009, panya walichelewa kujifunza njia zao.

Haya yote yanagusa familia zetu, kwa sababu ubongo huzeeka. Mwaka 2004 Iain Wilson na wenzake walilinganisha panya vijana na panya wazee katika mazingira mapya. Vijana walichora ramani mpya mara moja. Kwa wazee wengi seli ziliendelea kulia kama vile bado wako mahali pa zamani. Macho yaliona chumba kipya, hipokampasi ikashikilia kile cha jana. Waliporudishwa chumba hicho kipya mara kwa mara, ramani mpya ilianza kujitokeza polepole.

Panya si binadamu, na uzee wa kawaida si ugonjwa. Hata hivyo siwezi kusoma matokeo hayo bila kuwafikiria wazazi wanaoletwa mjini kutoka kijijini, kwa upendo kabisa, ili wawe karibu na watoto na hospitali. Mzee aliyekuwa akienda kisimani na shambani bila kuuliza mtu, sasa anakosa mlango wa choo usiku. Watu husema amebadilika ghafla. Yawezekana udhaifu ulikuwepo siku nyingi, ila nyumba aliyoizoea kwa miaka mingi ilikuwa ikimsitiri. Ndiyo maana naona si haki kumhamisha kila mwezi kutoka kwa mtoto huyu hadi kwa yule. Apewe nyumba moja, atembezwe humo mchana, tena na tena, kwa njia ileile, taa ya ukumbini iachwe inawaka.

Na dalili hiyo ya kupotea ndani ya nyumba isipuuzwe. Ugonjwa wa Alzheimer huanza kuharibu hipokampasi na eneo jirani, mapema kabla ya sehemu nyingi za ubongo. Mwaka 2019 watafiti wa Cambridge, Uingereza, waliwavisha wazee vifaa vya uhalisia pepe na kuwatembeza kati ya koni tatu. Kisha kila mmoja akatakiwa arudi mwenyewe pale ilipokuwa koni ya kwanza. Miongoni mwa wenye upungufu mdogo wa kumbukumbu, waliokosea zaidi ni wale ambao vipimo vya mwili vilionyesha tayari wana alama za Alzheimer. Daktari anayemuuliza mzee leo ni tarehe ngapi na rais ni nani, angefanya vyema kumuuliza pia mtoto aliyemsindikiza: tangu mmehamia, ameijua nyumba?