Mamba wa Sinema na Mamba wa Mtoni

Katika vibanda vya video ambavyo vijana wetu huviita vibanda umiza, filamu ya mnyama mla watu haikosi watazamaji. Hadithi yake haibadiliki sana. Wageni kutoka mbali wanaingia mto wasioujua, chombo chao kinapigwa kutoka chini, na tangu hapo mamba mwenye ukubwa usio wa kawaida anawawinda mmoja mmoja hadi wabaki wawili au watatu. Filamu ya Rogue, iliyotolewa Australia mwaka 2007 na mwongozaji Greg McLean, ni ya aina hiyo: watalii wanakwama juu ya kisiwa kidogo cha mtoni huku maji yakijaa. Mwaka huo huo ilitoka Marekani filamu ya Primeval, inayotuhusu sisi zaidi, maana mamba wake ni wa Burundi na jina lake, Gustave, ni la mamba wa kweli.

Filamu za namna hii zinastahili kuchunguzwa na mwalimu wa biolojia, hasa anayefundisha watoto wa Kifaru na vijiji vilivyo chini ya Milima ya Upare. (Mji huo mdogo una jina la mnyama ambaye leo, ili kumwona, yafaa mtu aende hadi Mkomazi, ambako faru weusi walianza kurudishwa mwaka 1997.) Upande huo wa kaskazini ya milima hupita Mto Ruvu utokao Ziwa Jipe. Ruvu hukutana na Kikuletwa, unaoleta maji ya Meru na Kilimanjaro, na mito hiyo miwili ndiyo inayolijaza Bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa katika miaka ya 1960. Ziwa Jipe lina mamba, na bwawa lina mamba. Kwa hiyo mwanafunzi wa huko, akitoka kutazama filamu jioni na kutumwa maji asubuhi, amekwisha kufundishwa jambo fulani juu ya mamba. Swali letu ni kama alilofundishwa ni la kweli.

Tuanze na ukubwa, kwa kuwa ndio unaouza tiketi. Mamba mkubwa kuliko wote waliopata kupimwa akiwa hai na kuhifadhiwa utumwani ni Lolong, mamba wa maji ya chumvi aliyekamatwa Ufilipino mwaka 2011. Alikuwa na urefu wa mita 6.17 na uzito wa kilo 1,075, akafa mwaka 2013. Mamba wetu wa Afrika, yaani mamba wa Nile, kwa kawaida ni mdogo kuliko huyo; dume la mita 5 ni mnyama wa kutajwa. Kumbukumbu za wawindaji wa zamani zinamtaja mamba aliyeuawa karibu na Mwanza mwaka 1905, ambaye urefu wake ulidaiwa kupita mita 6.

Mtengeneza filamu haridhiki na vipimo hivyo. Yeye huzidisha. Lakini maumbile hayazidishwi kama picha. Chukua mche wa sabuni, ukate kipande chenye pande za sentimita 2 na kingine chenye pande za sentimita 4, kisha uvipime kwenye mizani ya maabara. Urefu umekuwa mara mbili, eneo la mkato limekuwa mara nne, lakini uzito umekuwa mara nane. Mamba mwenye urefu mara mbili ya Lolong, umbo likiwa lile lile, angekuwa na kilo 8,600, nazo zingebebwa na mifupa ya miguu yenye unene wa mkato mara nne tu. Kila sentimita ya mraba ya mfupa ingebeba mzigo maradufu. Mnyama huyo angeweza kuelea, kwa sababu maji humsaidia kubeba mwili, lakini kupanda ukingoni na kuwakimbiza watu porini asingeweza.

Simaanishi kwamba dunia haijapata kuwa na mamba wa ukubwa wa kutisha. Visukuku vya Sarcosuchus, vilivyopatikana Niger katika miamba ya miaka kama milioni 112, ni vya jamaa wa mamba anayekadiriwa kufikia mita 9 au zaidi. Na hapa kwetu, katika Bonde la Olduvai, imepatikana mifupa ya mamba aliyekuwa mkubwa kuliko mamba wa leo. Mwaka 2010 wataalamu walimpa jina la kisayansi Crocodylus anthropophagus, maana yake mamba mla watu. Jina hilo halikutolewa kwa mzaha. Aliishi miaka kama milioni 1.8 iliyopita, na mifupa ya zamadamu wa wakati huo, ikiwemo ile ya mguu iliyopewa namba OH 8, ina alama za meno ya mamba.

Zilijulikanaje kuwa ni za mamba, na si za chui au fisi? Mtanzania Jackson Njau, pamoja na mwenzake Robert Blumenschine, walichunguza mifupa iliyotafunwa na mamba wa leo kabla ya kuitazama ile ya kale. Jino la mamba lina umbo la pia, na kando zake zina ukingo mwembamba kama makali ya kisu. Likizama katika mfupa huacha shimo lenye mstari katikati, kana kwamba limegawanywa mara mbili. Meno ya fisi hayaachi alama hiyo. Nasoma utafiti huo kwa furaha kila mara, kwa sababu umefanywa kwa swali jepesi na subira nyingi, bila mitambo ya fedha nyingi.

Alama hizo zinatuambia pia jambo lingine, nalo ndilo ambalo filamu hulipotosha zaidi. Zamadamu wa Olduvai hawakuwa watalii. Walikuwa wenyeji waliokwenda majini kwa sababu ya kiu na chakula, kama wanyama wote wa bonde lile. Mpaka leo wanaoshambuliwa na mamba wa Afrika ni wavuvi waliozama hadi kiunoni wakitega nyavu, akina mama na watoto wanaochota maji au kufua, watu wanaooga, na wale wanaovuka mto kwa miguu. Mtalii hukaa ndani ya gari au juu ya mashua kubwa, na ana mwongozaji wa kumwambia arudishe mkono ndani. Nilipokuwa masomoni ng'ambo, wenzangu waliniuliza mara nyingi kama nimewahi kufukuzwa na mamba. Hakuna aliyeniuliza maji ya nyumbani yalichotwa wapi.

Sasa tazama jinsi mamba anavyofanya kazi. Yeye hana joto lake la ndani kama sisi. Jotoridi la mwili wake hufuata la mazingira. Kwa sababu hiyo hatumii chakula kuupasha mwili moto, na anaweza kuishi kwa kiasi kama sehemu moja tu ya kumi ya chakula kinachohitajiwa na mnyonyeshaji mwenye uzito ule ule. Mamba mkubwa aliyeshiba hukaa wiki nyingi bila kula. Yule wa sinema, anayemeza watu sita kati ya magharibi na alfajiri na bado ana njaa, hana mahali pa kuwaweka.

Wala hana nguvu za kukimbizana usiku kucha. Misuli ya mamba imeumbwa kwa tendo la ghafula. Hufanya kazi kwa nguvu nyingi bila kungoja oksijeni, na matokeo yake ni mrundikano wa asidi laktiki katika damu. Baada ya pambano la dakika chache mamba mkubwa huchoka kabisa, na huhitaji saa nyingi kurudi katika hali yake. Wengine hufa kwa asidi hiyo baada ya kukamatwa. Nchi kavu hukimbia kama kilomita 12 hadi 14 kwa saa, tena kwa mwendo mfupi. Ule ushauri wa kukimbia kwa kupinda huku na huku ili kumpoteza hauna maana. Mamba akimkosa mtu ukingoni, mara nyingi hurudi majini.

Lakini ndani ya ile hatua moja ya kwanza hana mpinzani. Taya za mamba wa maji ya chumvi zilipimwa, na matokeo kutangazwa mwaka 2012: kani ya nyutoni 16,414, sawa na kubanwa na uzito wa zaidi ya tani moja na nusu. Ajabu ni kwamba misuli ya kufungua taya hizo hizo ni dhaifu, hata kamba ya kawaida inatosha kuzifunga. Ngozi ya kando ya taya ina vipele vidogo vyenye neva, ambavyo huhisi mtikisiko mdogo wa uso wa maji hata gizani. Ndoo inayotumbukizwa ni taarifa kamili. Nyuma ya ulimi kuna kizibo cha nyama kinachofunga koo, hivyo mamba hufungua kinywa chini ya maji bila kuzama. Na kwa kuwa meno yake hayatafuni, hujizungusha kama pia ili kukata kipande cha nyama. Watengeneza filamu huonyesha mzunguko huo vizuri. Ni moja ya mambo machache waliyoyapatia. Kisha huharibu kazi yao kwa kumpa mamba ngurumo ya simba. Mamba anayewinda hana sauti. Akiwa ametulia hukaa chini ya maji zaidi ya saa moja, au huacha juu macho na pua tu.

Visa viwili vya kweli vilivyozaa filamu hizi ni vya kufundishia kuliko filamu zenyewe. Rogue ilitokana kwa sehemu na habari za Sweetheart, dume la mita 5.1 lililokuwa likizishambulia mashua katika Mto Finniss, kaskazini ya Australia, kati ya miaka 1974 na 1979. Liling'ata injini na kupindua vyombo, lakini halikumuua mtu hata mmoja. Maelezo yanayokubalika ni kwamba mlio wa injini ulilichokoza kama dume mpinzani aliyeingia eneo lake. Mwaka 1979 lilitegwa ili lihamishwe, likapewa dawa ya usingizi, likazama likiwa limenaswa na gogo. Mwili wake umewekwa katika jumba la makumbusho la Darwin.

Gustave wa Mto Ruzizi na Ziwa Tanganyika alipewa jina na Patrice Faye, Mfaransa aliyeishi Burundi, katika miaka ya mwisho ya 1990. Alikadiriwa kupita mita 6, lakini hakupimwa kamwe, maana hakukamatwa. Mwaka 2002 aliwekewa kizimba cha chuma chenye chambo, naye hakuingia. Mwanzoni alidhaniwa kuwa na umri wa miaka mia. Kisha ikaonekana ana meno yake yote, wakampunguzia hadi kama miaka sitini. Idadi ya watu 300 inayotajwa kuwa aliwala ni ya masimulizi, na ni rahisi kuona inavyokua: mtoni mwenye mamba wengi, mmoja akipata jina, vifo vya wote huandikwa kwake.

Hapo ndipo hadithi ya jitu inapogeuka kuwa hatari. Watu wakiamini kwamba adui ni mmoja, mkubwa, mwenye kovu linalojulikana, huona mto umekuwa salama siku asipoonekana, au siku alipouawa. Mamba wa mita 3, ambaye hakuna mtu angelipa kumtazama kwenye kioo, anatosha kumuua mtu mzima. Naye hujifunza mazoea: kijia kile kile, jiwe lile lile la kufulia, saa ile ile. Tafiti za kusini mwa Afrika zinaonyesha kwamba mashambulizi huongezeka katika miezi ya joto, wakati mwili wa mamba unapofanya kazi kwa kasi na majike wakilinda viota. Katika bwawa kama Nyumba ya Mungu ukingo wenyewe huhama kadiri maji yanavyopanda na kushuka, na pale palipokuwa wazi mwezi uliopita panaweza kuwa na matete leo.

Serikali ilitunga mwaka 2011 kanuni za kifuta jasho na kifuta machozi kwa walioathiriwa na wanyama wakali. Ni msaada baada ya msiba. Kabla ya msiba, dawa iliyo wazi kuliko zote ni kumwondoa mtu ukingoni. Katika baadhi ya vijiji vya Ziwa Victoria vimejengwa vizimba ndani ya maji, ambamo watu huchota na kufua wakiwa wamezungukwa na wavu wa chuma. Kwa watu wa Upare, mradi mkubwa wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, uliozinduliwa Machi 2025, huchota maji yake katika Nyumba ya Mungu yenyewe. Kila bomba linalotoa maji kijijini ni safari kadhaa za ukingoni zilizofutwa. Mvuvi, hata hivyo, hafutiwi safari yake kwa bomba.

Walimu wa shule zilizo karibu na bwawa na Mto Ruvu wanaweza kulifanya somo hili kwa karatasi na penseli. Wanafunzi wachore ramani ya mahali watu wanapofikia maji: pa kuchotea, pa kufulia, pa kuoga, pa kunyweshea ng'ombe, pa kutia mitumbwi. Kando ya kila mahali waandike saa za kutumiwa, kina cha maji kwa maelezo ya wazee na wavuvi, kama kuna matete, na kama mamba amepata kuonekana hapo. Kazi hiyo ifanyike kwa kuuliza, si kwa kwenda kupima majini. Irudiwe wakati wa kiangazi na wakati wa mvua, ramani mbili zilinganishwe, na nakala moja ipelekwe ofisi ya kijiji.