Kurithi au Kuandika Upya: Hatima ya Msimbo katika Miradi ya Programu Huria

Mradi wa programu huria unapokua, waendelezaji wake hufika mahali pa kuamua: ama msimbo uliopo uendelee kurekebishwa, ama uachwe na kuandikwa upya. Uamuzi huo huchukuliwa kuwa wa kiufundi tu, ilhali kiini chake ni hifadhi ya maarifa.

Msimbo wa zamani huonekana umechakaa kwa kuwa umejaa masharti madogomadogo ambayo mgeni hayaelewi. Aghalabu masharti hayo ni kumbukumbu ya hitilafu zilizowahi kugunduliwa na kurekebishwa. Anayeufuta msimbo huifuta na kumbukumbu hiyo, na watumiaji huweza kukumbana tena na hitilafu zilezile. Ndiyo maana ya onyo la wahenga: usitupe mbachao kwa msala upitao.

Netscape ni mfano mashuhuri. Mwaka 1998 kampuni hiyo ya Marekani iliweka hadharani msimbo wa kivinjari chake. Kabla mwaka haujaisha, iliamuliwa kuacha injini ya zamani ya kuonyesha kurasa na kujenga mradi juu ya injini mpya, Gecko. Toleo la 5 halikutolewa kamwe. Toleo la 6 lilitoka Novemba 2000, wakati Internet Explorer ya Microsoft ilikwisha kutwaa soko. Hata hivyo, Gecko ndiyo iliyokuja kuwa msingi wa Firefox 1.0 mwaka 2004. Gharama ya kuandika upya iliiangukia kampuni. Matunda yake yalivunwa baadaye na jumuiya.

Mfano wa pili unahusu Afrika moja kwa moja. Mfumo wa taarifa za afya wa DHIS ulianzia Afrika Kusini katika miaka ya 1990, ukitegemea Microsoft Access katika kompyuta mojamoja. Msingi huo haukufaa kuhudumia taifa zima kupitia intaneti. Kwa uratibu wa Chuo Kikuu cha Oslo, mfumo uliandikwa upya kwa lugha ya Java, ukaitwa DHIS2. Lakini si kila kitu kilichoachwa: wazo kuu la kupanga takwimu kwa kuzingatia kilichohesabiwa, mahali na kipindi lilirithiwa, na maktaba huria za Java zilizokwishakuwapo zikatumiwa. Kenya iliusambaza nchini kote mwaka 2011; Tanzania, Uganda na Rwanda nazo huutumia.

Mifano hii inawapa washauri wa sera vigezo vitatu. Kwanza, kuandika upya kunastahili kugharimiwa pale tu msingi wenyewe unapokwamisha kazi, si pale msimbo unapochosha kuusoma. Pili, maarifa yaliyomo yaandikwe katika majaribio na nyaraka kabla msimbo haujaachwa, na mfumo wa zamani utengewe watunzaji hadi mpya ukamilike. Tatu, kutumia msimbo wa wengine nako kuna gharama: wizara inayobadilisha nakala yake bila kurejesha mabadiliko katika mradi mkuu hulazimika kuyafanya tena kila toleo jipya linapotoka. Bajeti isiyotaja utunzaji huo huiacha zahanati na mfumo usio na mwenyewe.