Kinachosikika Kando ya Tamko: Utangulizi wa Nyimbo na Masomo ya Ndoa ya Kiserikali

Ikiwa unaishi Gatongora na umeamua kufunga ndoa ya kiserikali, ile ambayo watu wengi bado wanaiita “ya kwa DC”, huenda umeshaambiwa kwamba haina ladha: mnaingia, mnatia saini, mnatoka. Usiwasikilize wanaosema hivyo: nyimbo na masomo yanaweza kuipa ladha.

Tuanze na msingi, maana ukiuelewa mengine yatakuwa mepesi. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inatambua ndoa za aina tano: ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Ya kiserikali ni ya mume mmoja na mke mmoja. Mnatoa notisi, yaani taarifa ya maandishi kwamba mnakusudia kuoana, siku zisizopungua 21 kabla, ili mwenye pingamizi apate kulitoa. Siku ikifika mnasimama mbele ya Msajili wa Ndoa na mashahidi wawili, na kila mmoja anatoa tamko, yaani anakiri kwa kinywa chake kwamba anamkubali mwenzake. Wimbo hauongezi uzito wa tamko hilo kisheria wala hauupunguzi. Ndiyo maana uhuru wako wa kuchagua ni mkubwa.

Utauliza: basi wimbo utaingia wapi? Kama mnafungia Sheria House, Nairobi, spika iacheni nyumbani. Wenzenu wanangoja zamu. Mkipata leseni maalum, yaani kibali cha kufunga ndoa nje ya ofisi, hata bustani ya Ruiru itafaa, na hapo nafasi zipo: mnapoingia, kabla ya tamko, wakati wa saini, na mnapotoka. Wengi huisahau ya saini. Maharusi, mashahidi na Msajili wameinamia meza, kalamu inapita mkono hadi mkono, na wageni hawajui watazame wapi. Hapo pigeni ala tupu, yaani muziki usio na maneno: gitaa, au nyatiti mkimpata fundi.

Kabla ya tamko pana nafasi ya somo, yaani kifungu kifupi kinachosomwa kwa sauti. Dakika mbili zinatosha. Hapa ndipo penye ugumu, kwa sababu maneno yanayosomwa yatapakana na tamko lenyewe, na yakipingana nalo wageni watasikia. Chukua “Malaika”, wimbo uliorekodiwa na Fadhili William. Sauti yake ni tamu, lakini anayeimba anampenda mtu asiyeweza kumuoa kwa kukosa mali. Waimbie hivyo wajomba waliotoka juzi kupokea ruracio, yaani mahari ya Kikuyu! Au chukua Utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa kama mwaka 1858 na mama mgonjwa akimuusia bintiye. Ni hazina ya lugha yetu, nami hufurahi kuufundisha, lakini sehemu kubwa yake inamwelekeza mke kumtii mume. Kifungu cha 45 cha Katiba ya 2010 kinawapa wanandoa haki sawa wanapooana, wakiwa katika ndoa, na hata ndoa ikivunjika. Mimi ningekisoma kifungu hicho chenyewe. Ni kifupi, na wengi ukumbini watakuwa hawajawahi kukisikia kikisomwa. Kwa hiyo, kabla ya kuchagua utenzi au wimbo wowote, upitie hadi ubeti wa mwisho.

Mnapotoka, waachieni akina mama. Gitiiro, nyimbo za kujibizana za wanawake wa Kikuyu, hazihitaji umeme wala emsii: kundi moja linachokoza, jingine linajibu, na majina ya koo yanatajwa. Zimezoeleka kwenye sherehe za ruracio, na hakuna sheria inayozizuia kuwalaki maharusi mlangoni. “Sura Yako” ya Sauti Sol na muziki wa mugithi vitafuata kwenye karamu, vijana wakishika zamu.

Jambo moja la mwisho: atakayesoma mpe maneno wiki moja kabla, kwenye karatasi, kwa herufi kubwa. Akisomea kwenye simu, ujumbe huingia katikati ya sentensi.